Siku Tatu Bila Ganzi

Mwaka 1998 madaktari wageni walikuja Njombe kwa wiki mbili kubadilisha magoti yaliyochakaa. Dorosela, mkulima wa viazi wa Mahongole aliyekuwa akienda shambani kwa fimbo mbili, alipasuliwa Jumatatu. Siku hiyohiyo alipasuliwa Abasi, mwenye malori pale Makambako. Magoti ya aina moja, daktari mmoja.

Sindano ya mgongo aliyochomwa wakati wa kupasuliwa ilipokwisha nguvu, Dorosela aliumwa hata akauma shuka. Akapewa panado. Jumanne na Jumatano mtaalamu wa mazoezi alimtaka akunje goti, akashindwa.

"Mama, acha uvivu. Mwenzako Abasi analikunja. Likikaa hivihivi litaganda."

Uvivu! Dorosela akageuzia uso ukutani, maana angefungua mdomo angelia.

Alhamisi asubuhi walikutana barazani, kila mmoja kwenye kiti cha magurudumu.

"Mzee Abasi, wewe huumwi?"

"Sasa kidogo. Siku mbili za kwanza sikusikia kitu. Walinichoma ganzi hapa kinenani, penye mshipa wa fahamu, paja lote likalala. Ikianza kuisha, wananiongezea. Kwani wewe hukuchomwa?"

"Sikuchomwa."

Abasi akatazama chini. "Nilidhani sote."

Dorosela akamwambia bintiye, Idda, amsukume hadi mlango wa chumba cha upasuaji. Akamkuta Ambrosi, mtaalamu wa usingizi.

"Abasi amechomwa ganzi ya mguu. Mimi kwa nini sikuchomwa?"

"Dawa ilikuwa haba, mama. Ilibidi tuchague."

"Mkachaguaje?"

Ambrosi akajikuna shingo. "Ninyi akina mama wa shamba mmezoea kuvumilia."

"Nani kakwambia nimezoea?" Sauti yake ilifika wodini. "Umewahi kuniuliza? Nimezaa sita, na kila mara alikuwepo mtu wa kuniambia vumilia. Nilikuwa naumia, Ambrosi! Na hiyo dawa imekwisha?"

"Imebaki chupa moja. Imewekwa kwa ajili ya mke wa mkubwa mmoja, anapasuliwa kesho."

"Basi kesho aniruke hapa." Akafunga breki za kiti katikati ya mlango.

Daktari mgeni akatoka kuuliza kuna nini. Kabla Ambrosi hajajibu, Idda, aliyemaliza kidato cha nne, alieleza yote kwa Kiingereza. Daktari akamgeukia Ambrosi, akamsemesha kwa Kiingereza.

"Anasemaje?" Dorosela akauliza.

"Anasema nichomwe... yaani uchomwe, mama," Ambrosi alijibu, ulimi ukimteleza. Idda akamalizia: "Anasema chupa moja inatosha watu wawili. Na kwamba Ambrosi anajua."

Wakamrudisha Dorosela wodini, wakamlaza kitandani, Ambrosi akamchoma kinenani.

Baada ya nusu saa paja lilikuwa limelala. Mtaalamu wa mazoezi akalikunja goti taratibu, likakubali. Machozi yakamtoka Dorosela.

"Unaumwa, mama?"

"Siumwi. Ndiyo maana nalia. Kumbe iliwezekana tangu Jumatatu."

Goti lilipona, ila halikukunjika kama la Abasi. Dorosela alizitupa fimbo, akarudi shambani, lakini kupiga magoti kanisani hakuweza tena.

Lakini kabla ya hayo, siku Dorosela aliporuhusiwa kutoka hospitalini, Ambrosi alimfuata getini kumwomba radhi, akasema na chupa nyingine za ganzi zimeletwa.

"Usiniombe mimi," Dorosela alisema. "Yupo mama kutoka Wanging'ombe, amelazwa leo kitanda changu. Nenda kamwambie sindano ipo."

Akasimama palepale na bintiye mpaka alipomwona anageuka kurudi wodini.