Upande wa Dereva

Mume wangu Abelardo aliniambia anakuwa kipofu tukiwa mezani, mdomo umejaa viazi. "Zoraida, macho yangu yamekwisha. Taksi naiuza."

Nilitaka kumtupia kijiko. Jambo kama hilo mtu analisema akitafuna?

Lakini niliogopa, sitaficha. Baba yake alikufa haoni, presha ya macho ilimmaliza, na kaka yake sasa anashikwa mkono kwenda chooni. Na Abelardo, tangu baridi iingie jijini Lima na asubuhi zianze kuwa za manyunyu, alikuwa anaendesha ameinamia usukani, pua inakaribia kugusa kioo. Nusura amgonge muuza mikate. "Naona ukungu," alikuwa akisema, "na taa zinatawanyika." Mimi nimekaa pembeni yake, naona barabara yote mpaka mwisho. Ukungu uko wapi? Nikajua basi, ni yale yale ya ukoo wao.

Abelardo hakutaka hata kusikia habari za daktari. "Akaniambie nini nisichokijua?" Hata nyumbani aliacha kujaribu macho yake, gazeti akawa ananipa mimi nimsomee. Usiku nilikuwa nalia bafuni, bomba nimelifungulia.

Mnunuzi akapatikana, Rómulo, jirani wa mtaa wa nyuma. Asubuhi moja tukaondoka kwenda kumkabidhi gari. Karibu na soko akasimama kando ya mkokoteni wa vinywaji.

"Ngoja ninywe shayiri moto, koo limekauka. Gari usilizime, betri imechoka. Mtu akitubana, piga honi."

Akashuka. Hata hajafika kwenye mkokoteni, lori la viazi likaanza kurudi nyuma, linatujia sisi! Nikarukia kiti chake, nikapiga honi mpaka lori likasimama. Kisha nikainua macho kutazama mbele.

Sikuona kitu. Ukungu mtupu, na taa za lori zimetawanyika kioo kizima.

"Mama yangu!" nikapiga ukelele. "Kumbe ugonjwa wenyewe unaambukiza!"

Nikarudi kiti changu. Peupe. Nikahamia tena kwake. Ukungu. Muuza machungwa alikuwa ananitazama kama mwendawazimu, na mimi nahama tu, huku na kule. Ndipo nikaziangalia zile waipa za kupangusa kioo, maana zilikuwa zinacheza mbele yangu muda wote. Ya upande wangu ilikuwa mpya. Ile ya kwanza iliibwa, kwa sababu upande wangu ndio wa wapita njia, mkono wa wezi unafika. Ya upande wa Abelardo ni ile ile ya tangu tununue gari. Mpira wake umevimba na kupasuka, na kila ukipita unapaka mafuta. Mafuta ya taa! Kila Jumamosi anaukanda kwa mafuta ya taa, eti ulainike, usikauke kwa jua. Lima hakuna mvua ya maana ya kukiosha kioo, ni haya manyunyu tu ya kulowesha vumbi.

Nikashusha kioo cha dirisha. "Abelardo! Njoo hapa, mjinga wewe!"

Akaja mbio, shayiri inamwagikia mkononi. "Kuna nini? Wamekuibia?"

"Kaa kiti changu. Kaa, usiniulize! Haya, tazama ng'ambo. Bango lile limeandikwa nini?"

"Zoraida, usinitese."

"Soma!"

Akakunja uso, akasoma polepole. "Robo kuku na chipsi." Kisha akaendelea, "Saladi bure. Jumapili tunafungua saa tano." Maandishi ya chini kabisa, madogo kama chawa.

"Wewe si kipofu, mzee. Waipa yako ndiyo kipofu."

Alinitazama, akaitazama waipa, akafunika uso kwa mikono yote miwili. Alilia, mabega yanatikisika. Nami nikalia, na honi nikaiegemea ikalia pia, na wa machungwa akapiga ishara ya msalaba.

Kwenye duka la vipuri aliwasumbua wale watu! Aliivuta mipira kwa kidole, akaipima urefu, ya kwake ndefu, ya kwangu fupi. Muuzaji akamwambia asipake kitu tena, apanguse kwa kitambaa chenye maji tu, na kioo akioshe kwa sabuni. Abelardo akaitikia kama mtoto wa darasa la kwanza.

Kisha akampigia simu Rómulo. "Gari haliuzwi, ndugu yangu."

"Kulikoni? Umepata bei nzuri zaidi?"

"Hapana," akasema. "Naona."

Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa daktari wa macho, sikumsukuma. Lakini siku ile, njia nzima ya kurudi, alisoma kila bango kwa sauti: viatu, dawa za meno, wanasheria wa talaka. Siku nyingine ningemwambia anyamaze.