Jakuzi ya Watu Wangapi

Mume wangu Munene alitaka jakuzi ya watu wanne. Mimi nilimwambia kwamba akileta ya wanne nitarudi kwetu Embu, na hao watakaobaki waoge kwa nafasi. Watu wa Githongo wakisikia kwamba mwalimu mzima amegombana na mumewe juu ya beseni la kuogea, watacheka mpaka mbavu ziwaume. Wacheke tu. Hawajui tulichokuwa tukigombania.

Jakuzi, kwa asiyeijua, ni beseni kubwa la plastiki ngumu lenye viti ndani yake na pampu ya kuvuruga maji moto. Huwekwa nje, bustanini, watu wakakaa humo maji yakiwafika kifuani. Munene hakuitaka kwa kujionyesha. Aliitaka kwa ajili ya mgongo, na mgongo wenyewe uliharibika siku alipofukia bwawa.

Bwawa letu lilikuwa chini ya nyumba, la kuvuna maji ya mvua kama yalivyo mabwawa mengi ya huku: shimo lililotandikwa nailoni nyeusi, kuta zake zinateleza kiasi kwamba hata mbwa akiingia hatoki. Mwanetu Mwenda aliingia. Alikuwa darasa la kwanza. Tulipotoka kumzika, Munene alichukua sepetu akaanza kulifukia peke yake. Majirani walikuja na majembe yao akawafukuza. Mama yake akampelekea chai ikapoa pale pale ukingoni. Alipomaliza alijaribu kusimama wima akashindwa, na mpaka leo anatembea kama mtu anayetafuta shilingi aliyoiangusha. Daktari wa mifupa kule Meru ndiye aliyemwambia maji moto yatamfaa. Kuhusu jina la mtoto, tangu siku ile halijatoka kinywani mwake, na hilo halina daktari.

Sasa, shamba letu limelala ubavuni mwa kilima, kahawa juu, migomba chini. Mahali tambarare pa kuweka kitu kizito ni pamoja tu, pale lilipokuwa bwawa. Pana nyasi ambazo hata ule ukavu wa Februari hauzigusi. Asubuhi nyingine nazikuta zimelowa chepechepe na kwingine kote hakuna hata tone la umande. Mimi si mtu wa kuona mizimu. Nafundisha hesabu, na kanisani nakaa safu ya mbele. Nasema tu nilichokiona.

Tena kuna taulo. Mwenda alikuwa na taulo lake la kijani, limechanika pembeni alipokuwa akilifanya joho la mfalme. Kila Jumamosi nalifua pamoja na mengine. Munene akiliona kwenye kamba hugeuza uso, akidhani nalifua kwa sababu ya huzuni. Mimi nalifua kwa sababu linachafuka.

Huku kwetu mwanamke huitwa kwa jina la kifungua mimba wake, kwa hivyo nilikuwa Mama Mwenda. Kajuju, mdogo wa Mwenda, alipozaliwa baada ya msiba, watu kwa huruma yao wakaanza kuniita Mama Kajuju, na sikuwalaumu. Munene yeye akachagua kuniita Mwalimu, kana kwamba alinioa ofisini. Ni mama yake peke yake, Kagwiria, aliyekataa kubadilisha kitu. Mwenda alipewa jina la marehemu babu yake, na kwa desturi bibi yake akawa akimwita “mume wangu”. Bado anamwita hivyo. Kwenye sala ya chakula humtaja, nasi husema amina haraka haraka.

Asubuhi ya siku ambayo muuzaji wa jakuzi angekuja, tulikuwa mezani.

“Tuko wanne,” Munene akasema. “Mama, mimi, wewe na Kajuju. Ya wanne inatosha.”

“Na Mwenda?”

Akaanza kukoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Akakoroga, akakoroga.

“Mwalimu,” akasema, “asiyekuwepo na lake halipo.”

Methali hiyo naijua tangu utotoni. Nimeisikia ikitumiwa kwa mandazi, kwa viti vya kanisani, kwa zamu ya kucheza kamba. Sikuwahi kujua kwamba ina meno. Ndipo nikamwambia lile neno la Embu, na nilimaanisha kila silabi. Ningeweza kuishi na mwanaume asiyelitaja jina la mtoto wangu. Mwanaume anayelipa pesa ili mtoto wangu akose mahali pa kukaa, huyo siwezi.

Mama mkwe akapiga meza kwa kijiko.

“Wanne, wanne! Nani amewaambia mhesabu watu kwa hii nyumba?”

Watu wa rika lake hawahesabu watu, wala ng’ombe, wala watoto waliozaliwa. Ukihesabu, wanasema, unamwonyesha pa kuanzia yule anayetafuta. “Mtu anaitwa,” hupenda kuniambia. “Mtu hahesabiwi.” Mimi nahesabu watoto wa wenyewe kila asubuhi gwarideni. Yeye anajua, na huniombea.

Muuzaji alifika kabla ya chakula cha mchana, kijana mtanashati aitwaye Ishmael, mwenye duka maeneo ya Kinoru, mjini Meru. Viatu vyake vyenye ncha vilizama kwenye nyasi zetu akajifanya hajaona. Tulikuwa tumesimama naye pale pa bwawa, wote, hata Kajuju ambaye alikuwa ameketi chini akinyonya ua la kahawa.

“Mzee, cha kwanza ni saizi,” Ishmael akasema. “Hapo ndio watu hukosea. Ukiambiwa ni ya wanne, jua ni wanne wakibanana, magoti kwa magoti. Mimi huambia kastoma wangu aongeze kiti moja. Mgeni hakosi.”

“Hatuna mgeni,” Munene akasema.

“Sawa, mzee. Halafu angalia hii kiti ya chini kwa picha. Hii ni ya mtoto mdogo, imeinuliwa ndio maji isimfike kwa shingo. Na iko na mfuniko ya kufunga na kufuli. Kama uko na watoto usiwahi acha maji wazi, hata dakika moja.”

Maskini, hakujua. Nililisikia neno mfuniko kama ndiyo kwanza nalisikia. Nilitaka kumzaba kofi, na papo hapo nilitaka kumwomba alirudie polepole, ili nijue vizuri kitu tulichokosa.

Ishmael akapigapiga ardhi kwa kisigino. “Hii udongo ni ya kujazwa, ama?”

“Ndiyo.”

“Nani alijaza?”

“Mimi,” Munene akasema.

“Haijashikana. Jakuzi ikishajaa maji na watu, hiyo ni uzito ya gari. Itabidi tushindilie kwanza.” Akatoa kalamu sikioni. “Sasa niambieni. Kwa nyumba mko watu wangapi?”

“Tano,” Kajuju akasema.

Bibi yake akamziba mdomo kwa kiganja, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Munene aligeuka polepole, maana mgongo haumruhusu kugeuka kwa njia nyingine.

“Wa tano ni nani?”

Kajuju akamwangalia baba yake kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jua ni lipi. Akautoa ule mkono wa bibi yake.

“Si yule wa taulo ya kijani.”

Munene akaniangalia mimi. Naapa mbele ya Mungu sikumfundisha mtoto yule neno lile. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba taulo lile huchafuka.

“Andika nne,” Munene akamwambia Ishmael. “Andika sasa hivi.”

Nikawaacha hapo nikaingia ndani kuchukua mkoba. Sikulia. Niliweka magauni mawili, Biblia, na picha ya Mwenda ya siku ya kwanza ya shule, nikafunga zipu. Nilipotoka nikifikiria kama nitapata gari la Embu saa hiyo, nilimkuta mama mkwe ameshika njia, vigoda viwili kila mkono.

“Hebu nisaidie kubeba,” akasema, kana kwamba hakuuona mkoba.

Vile ni vigoda vya miguu mitatu alivyoviacha marehemu mumewe, na kila mtu ana chake. Alivipanga kwenye nyasi kwa mduara. “Kijana, rudisha hiyo kalamu kwa sikio,” akamwambia Ishmael. “Hapa watu hawahesabiwi. Tutakaa, na wewe utapima mahali tumekaa. Vile itatoka, ndio saizi.”

Kisha akaenda kwenye ghala la kahawa. Tulimsikia akisukuma magunia. Akarudi na kigoda kidogo kuliko vyote, ambacho Munene alikuwa amekifukia humo nyuma ya kila kitu, akakipangusa vumbi kwa leso na kukiweka katikati ya kile cha Munene na changu.

“Hii ni ya nani?” Ishmael akauliza.

“Ya mume wangu.”

Ishmael akachungulia upande wa nyumba, akimtafuta huyo mume. “Tumngoje?”

“Pima tu.”

Tukaketi. Mimi nilikaa na mkoba mapajani kama mgeni aliyekuja kuaga. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Ishmael akaanza kuzunguka na utepe wake wa kupimia, akipita nyuma ya migongo yetu. Alipofika penye kigoda kitupu alipanua hatua, akapita mbali kidogo.

“Samahani,” akasema.

Sidhani alisikia alichokisema. Lakini Munene alimsikia. Niliona vidole vyake vikishika magoti.

Ishmael akamaliza, nasi tukainuka. Miguu ya vigoda ilikuwa imeacha alama kwenye udongo ule laini. Changu kilizama kidogo, cha Munene zaidi, cha Kajuju kiliacha vitundu kama vya kuku. Munene akainama kuchukua kile kidogo, nadhani akitaka kukirudisha ghalani haraka. Hakikutoka. Akakivuta tena. Akakishika kwa mikono miwili, akavuta mpaka nikausikia mgongo wake ukilia, ndipo ardhi ikakiachia kwa mlio wa mguu unaotoka matopeni.

Kilikuwa kimezama mpaka kwenye kikalio. Kigoda ambacho hakuna aliyekikalia.

Yalibaki mashimo matatu. Tulisimama tukiyatazama yakijaa maji, maji safi, yakapanda taratibu na kusimama usawa wa nyasi. Niliogopa, siwezi kudanganya. Niliogopa na bado nilitaka kupiga magoti niyanywe.

“Kuna chemchemi hapa chini,” Ishmael akasema kwa sauti nyembamba. “Hiyo ni kawaida, mzee. Huku mlimani chemchemi ziko.”

Munene alikuwa amejishusha chini, kigoda mapajani. Kikalio kilikuwa kimelowa. Akakipangusa kwa kiganja, kikakauka, kisha tukaona kikilowa tena, maji yakitiririka ukingoni na kumdondokea surualini. Akapangusa tena kwa mkono wa shati. Kikalowa. Mama mkwe alikuwa akisema kitu kwa Kimeru chini ya pumzi, taratibu, namna mtu anavyombembeleza aliyechelewa kulala.

“Mzee,” Ishmael akasema, “kwa hivyo niandike ngapi?”

Munene hakumtazama. “Andika vile umepima.”

Kalamu ikaandika. Munene aliendelea kupangusa kile kigoda. Alipoinua uso aliuona mkoba mkononi mwangu, kisha akaniona mimi.

“Mama Mwenda,” akasema. “Niletee lile taulo. Mtoto amelowa.”

Niliuweka mkoba kwenye nyasi nikakimbilia kamba.