Sahihi ya Spika Mstaafu

Fundi wa kufunga vitabu alikuwa na ugonjwa mmoja ambao mkewe aliuzoea kama alivyouzoea mkoromo wake: hati za kisheria zenye sahihi za wanasiasa. Mawakili wazee walipofunga ofisi zao, makaratasi yao aliyachukua yeye. Alikuwa na mkataba wa chumba aliosaini waziri enzi akiwa mpangaji, kiapo cha mbunge aliyepoteza leseni ya udereva, hata wosia ambao meya aliubadilisha mara tatu. Kila hati aliivika mfuko wa plastiki akaipanga kwenye albamu. Aliyemkosa ni Spika tu.

Basi binti yake akaolewa, na babu yake bwana harusi, Spika mstaafu, akawa shahidi. Alisaini fomu ya ndoa kwa wino wa bluu, sahihi yenye mkia mrefu uliokwenda hadi ukingoni. Fundi akajitolea kuipeleka fomu kwa msajili. Mkewe angepaswa kushtuka hapo hapo, maana mumewe si mtu wa kujitolea kirahisi hivyo.

Siku tatu baadaye akaketi mbele ya msajili, binti ubavuni. Msajili, mama wa makamo mwenye miwani, alilowesha kidole akaisugua ile sahihi. Wino haukutoka hata chembe.

"Mzee wangu, hii ni nakala ya rangi. Fomu yenyewe iko wapi?"

Fundi akajifanya hamnazo, akaanza kuzisifu mashine za siku hizi. Msajili akamwambia bila fomu halisi hakuna cheti, na ofisi inafungwa saa tisa. Binti alimgeukia baba yake taratibu. Kesho yake alikuwa asafiri na mumewe kwenda kituo kipya cha kazi, ambako nyumba hupewa wenye cheti cha ndoa. Bila cheti, bwana harusi angepewa kitanda kwenye bweni la makapera, na bibi harusi angebaki kwao.

Nyumbani, fundi aliikumbatia albamu, fomu halisi ikiwa ndani. Alipendekeza Spika asaini fomu nyingine. Mkewe akamkumbusha kwamba Spika aliondoka juzi kwa ndege. Fundi akaomba apewe siku moja tu ya kufikiri. Mkewe akamuuliza kwa nini asimwoe huyo Spika mwenyewe.

Binti ndiye aliyesema kwa sauti ndogo, "Baba, hapo kuna sahihi mbili za mashahidi. Mimi nataka ile ya chini isajiliwe."

Fundi akatazama. Ya chini ilikuwa yake. Herufi moja ilikuwa imevimba wino, pale alipotua kalamu ili afute machozi. Siku tatu ameitolea macho karatasi hiyo, na mstari ule hakuuona.

Akaitoa fomu kwenye plastiki.

Saa nane na nusu, msajili aliigonga mhuri, kisha akachukua mashine ya kutobolea. Tundu moja likapita katikati ya mkia wa Spika. Fundi akaguna kwa uchungu mpaka msajili akamuuliza kama anaumwa.

Nje, binti, uso umemng'aa, akamnyooshea cheti akishike.

"Shika mwenyewe, mwanangu," fundi akasema, akificha mikono mfukoni. "Mimi leo sijiamini."