Kigari Alichokitukana Mzee Wambugu

Mimi ni polisi, na nilikuwa nikijisifu kwamba hakuna mtu anayeweza kunificha kitu usoni. Wezi wa kahawa wamejaribu. Walevi wamejaribu. Hata mchungaji mmoja alijaribu, kuhusu leseni ya gari lake. Wote niliwanasa. Aliyenishinda ni Mzee Wambugu, na wala hakuwa na nia ya kunidanganya.

Nilipohamishiwa Nyeri kutoka Siaya sikumjua mtu. Jumamosi moja nilimkuta mzee huyu kwenye mteremko ulio nyuma ya kanisa, akirusha visahani vya plastiki kuelekea kikapu cha minyororo kilichosimamishwa kwenye mlingoti.

"Hii ni gofu," akaniambia, "lakini haina mpira wala fimbo. Jaribu."

Nikajaribu. Kisahani kikaenda kuogelea mtoni.

"Afande Risper," akasema, "unarusha kama mtu anafukuza kuku."

Jumamosi iliyofuata nilirudi na hasira zangu zote, na hivyo ndivyo tulivyoanza kucheza pamoja, timu ya watu wawili.

Jambo moja liliniuma. Mzee alimsifu kila mtu isipokuwa mimi. Mwai, mwenzetu wa klabu, akitupa kisahani migombani, mzee humwambia, "Vizuri sana, kijana!" Mimi nikikitia kikapuni kutoka mbali, huniuliza kama nimelala njaa.

Mwaka huu mgongo ukamkamata. Daktari akamwambia arushe visahani atakavyo, ila begi asilibebe tena. Na begi lake si mchezo: limejaa visahani vya jua, vya mvua na vya upepo, juu yake chupa ya chai. Nikajitolea kumbebea. Akakataa katakata, ati atembee mikono mitupu huku msichana wa watu amebeba mzigo wake? Akajifungia nyumbani akigombana na redio. Mashindano ya Timau yalikuwa yanakaribia, na mimi sikutaka kwenda na mwenzi mwingine yeyote. Uwanja ulikuwa mpweke bila yeye. Mimi nilikuwa mpweke zaidi.

Wanachama wa klabu tukachanga ili tumnunulie kigari cha kusukuma, cha kubebea begi lake. Nikatumwa nimpeleke mjini akachague mwenyewe.

Duka ni la Maxwel, kijana wa Kakamega anayeuza baiskeli na vigari kutoka ng'ambo. Vya kufaa vilikuwa viwili. Cha kwanza kilikuwa cheusi, kinang'aa, kina magurudumu membamba na hata mahali pa kutia mwavuli. Cha pili kilikuwa chekundu, rangi imebambuka, magurudumu yake manene, na kina kiti kidogo cha kupumzikia.

Mzee alianza na chekundu. Akabonyeza tairi kwa kidole gumba. Akavuta breki, akaiachia, akaivuta tena. Akakipakia mfuko wa misumari, akakizungusha duka zima kwa mkono mmoja.

"Hii nayo ni nini?" akauliza. "Iko na miguu kama ya trekta. Rangi imeisha. Hata nikipewa bure nitaiweka wapi?"

Maxwel akanywea. Mzee akakisogelea cheusi, mikono nyuma, bila kukigusa.

"Hii ni nzuri," akasema. "Nzuri sana. Inang'aa." Kisha akatoka nje kuota jua.

"Umesikia mwenyewe," nikamwambia Maxwel. "Kizuri chajiuza."

Mzee aliporudi alikuta nimeshalipa. Akakitazama kile cheusi, akanitazama mimi, akashukuru kwa adabu.

Jumamosi hakuja uwanjani. Nikapanda hadi kwake nikiwa nimechemka. Yeye alikuwa ameenda kwa kinyozi. Kigari kilikuwa kando ya banda, na kuku alikuwa ametaga ndani yake. Nikakisukuma kidogo nione. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na yale magurudumu membamba yakazama kwenye udongo mwekundu, yakakataa kwenda mbele wala nyuma.

Mkewe, Mama Nyawira, alinikuta nikihangaika.

"Lakini alikisifu!" nikalalamika. "Chekundu alikitukana mpaka mwenye duka akaona aibu."

Akaweka sufuria chini, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Risper, mwanangu, huyu mzee amekuwa dalali wa ng'ombe tangu anioe. Karatina, Kerugoya, Murang'a, soko zote wanamjua. Ng'ombe ile anataka kununua, anaitukana: imekonda, inakula sana. Ile yake hataki kuuza, anaitukana zaidi. Ile anasifu, anataka iende na mtu mwingine. Pale dukani alikuwa anangoja bei ishuke, na wewe ukalipa!"

"Na wewe, mama, amewahi kukusifu?"

"Mimi? Mbele ya baba yangu alisema mimi ni mfupi na ugali yangu ni mbichi. Nikajua nimeolewa."

Nikambandua kuku, nikamrudishia mama yai lake, nikashuka mjini na kile kigari. Chekundu kilikuwa nyuma ya duka, Maxwel amekipakia mitungi ya maji kwa sababu aliona hakina mnunuzi. Tukabadilishana, naye akafurahi kukirudisha cheusi mlangoni.

Mzee alipoona nilicholeta alikizunguka mara mbili, akakipiga teke tairi.

"Ati umeniletea hii mifupa?" akaguna. Mikono yake ilikuwa tayari inafunga begi juu yake.

Timau tulikuta baridi kali na upepo wa mashamba ya ngano. Kigari kilipanda na kushuka bila kulalamika, na mzee alikisukuma mwenyewe, mgongo umenyooka, akikitukana kila penye kilima. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilirusha vizuri kuliko siku zote, na wenyeji wakaanza kunitazama.

Tulipokuwa tukipumzika, nahodha wao, Kinyua, akamjia mzee. Mimi nilikuwa nimeinama nyuma ya kigari nikifunga kamba za viatu.

"Mzee, huyu msichana wako anarusha vizuri," akasema. "Nataka mwenzi wa kucheza msimu ujao. Unaonaje nikimchukua?"

Mzee Wambugu akakaa kwenye kile kiti kidogo, akajimiminia chai.

"Huyu?" akasema. "Mkono wake ni mbovu. Hasikii akifundishwa. Na anakula sana."

Kinyua akanionea huruma, akaenda zake. Nikabaki nimeinama pale pale, machozi yananilenga, nikijifanya kamba imenikataa. Nilipoinuka nilijikohoza kwanza.

"Mzee," nikamwambia, "wewe ni mwalimu mbaya kuliko wote niliowahi kuona."

Akacheka, akanimiminia chai.