Karatasi ya Sabuni

Mama Redio anasema walikuja kabla jua halijapanda, magari matatu, watu kumi wenye kofia za plastiki, na kwamba Bibi Buluu alikataa kushuka kwenye jiwe lake mpaka wakambeba yeye na beseni lake, povu likimchuruzika miguuni. Anasema walipigilia vigingi kuzunguka mawe yote ya kufulia, wakafunga utepe mwekundu, na mmoja wao akawauliza wanawake: "Mnalia nini? Wenyewe mlisaini."

"Kwa masikio yangu haya," akamalizia, akiyavuta yote mawili ili Kitinda asikosee ni yapi.

Kitinda alikuwa amechuchumaa uani akitenga nguo za wateja, nyeupe huku, za rangi kule. Alimwacha jirani yake amalize. Habari za Mama Redio zilitaka kupunguzwa kwanza ndipo zivalike. Magari matatu yalikuwa gari moja. Watu kumi walikuwa wanne. Lakini lile neno la mwisho halikuwa na pa kupunguzia.

"Wewe ulisaini?" Mama Redio aliuliza.

"Nilisaini."

"Hata mimi. Na wala sifui. Mimi nilifuata sabuni."

Kitinda alifunga mzigo wake, akajitwika, akaenda.

Vigingi vilikuwepo kweli. Gari lilikuwa moja na lilikwisha kuondoka. Bibi Buluu hakubebwa na mtu. Alikuwa ameketi juu ya jiwe lake kama siku zote, ndani ya utepe, akisuuza shuka kwenye maji yenye dawa ya buluu iliyompa jina. Mawe yenyewe yalikuwa ya saruji, thelathini na moja, yamelainika kwa kusuguliwa kama mgongo wa kijiko. Kila moja lilikuwa na mwanamke wake, na kila mwanamke alilipokea kwa mama yake au shangazi yake. Jiwe la Kitinda lilikuwa la mwisho, pale maji machafu ya wenzake wote yalipopitia, naye alikuwa mdogo kuliko wote, ndiyo maana walimwita Kitinda. Jiwe hilo lilimlisha yeye, mama yake asiyeona vizuri, na watoto wawili wa marehemu dada yake.

Kwenye nguzo ya bomba walikuwa wamepigilia tangazo. Kitinda alilisoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata mstari. Eneo limetolewa kwa mwekezaji kwa ajili ya kituo cha kuosha magari. Kwa ridhaa ya wananchi. Watumiaji waondoke ndani ya siku saba.

"Kumbe magari nayo yananuka kwapa," alisema mmoja wa wanawake waliokusanyika, na wengine wakacheka kicheko kifupi.

"Ridhaa ndiyo nini?" aliuliza mwingine.

"Kwamba tulikubali."

"Tulikubali lini?"

Wote walikuwa wamekwisha kukumbuka. Miezi miwili nyuma waliitwa kwenye mkutano, kwenye darasa la shule, wakakalishwa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwafika kifuani. Mwenyekiti wa mtaa aliongea habari za maendeleo mpaka watu wakaanza kupiga miayo. Kisha Karani wake akapita na kibao chenye karatasi, nyuma yake boksi la sabuni. Andika jina, tia saini, chukua miche miwili. Asiyejua kuandika, kidole. Jina, saini, miche miwili. Bibi Buluu alitia kidole, akaondoka akipangusa wino kwenye kanga.

Karatasi ile ilikuwa imekunjwa juu. Sehemu ya kichwa imerudishwa nyuma, ikabanwa kwa kibanio, ikabaki mistari ya majina tu. Kitinda aliuona mkunjo ule. Alidhani wanalinda karatasi isichafuke. Hilo ndilo lililomuuma sasa kuliko vigingi: kwamba hakudanganywa gizani. Aliuona, akaandika jina lake vizuri, kwa herufi za duara kama alivyofundishwa.

Na alifundishwa. Darasa la saba walikariri haki za mwananchi kwa kuziimba, mwalimu akigonga meza: haki ya kuuliza, haki ya kupinga, haki ya kusomewa kabla ya kutia saini. Kwenye mtihani aliziandika zote tatu na akapata vema tatu. Hakuna aliyemwambia kuwa swali lile lingemrudia ukubwani, likiwa limebebwa na boksi la sabuni.

"Siasa hizo," alisema Bibi Buluu, akikamua shuka. "Mimi siasa sili."

"Wewe huli, bibi. Yenyewe inakula. Leo imefika kwenye jiwe lako."

Mikono ya Bibi Buluu ikasimama. Kitinda hakuwa mtu wa kujibu wakubwa.

"Sasa utafanyaje, mwanangu, na la saba yako hiyo?"

"Nitaomba nisomewe."

Alipita dukani kwanza. Kisha ofisini.

Ofisi ya mtaa ilikuwa chumba kimoja, benchi, meza mbili, kabati la chuma ambalo mlango wake ulifungwa kwa kamba ya kiatu. Mwenyekiti alikuwa anakunywa chai. Alivaa shati jeupe ambalo Kitinda alilifua juzi. Alilijua kwa kifungo cha mkononi, alichokishona mwenyewe kwa uzi usiolingana.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea nguo zangu?"

"Ziko kambani. Nimekuja kuomba kusomewa ile karatasi."

"Karatasi gani?"

"Ya sabuni."

Karani alicheka, kisha akamtazama Mwenyekiti kujua kama palikuwa pa kucheka.

"Ile ni orodha ya mahudhurio tu," alisema Mwenyekiti.

"Basi nisomewe mahudhurio. Kuanzia juu."

"Umesoma mpaka wapi wewe?"

"La saba."

"Mle ndani kuna lugha ya kitaalamu. Hutaielewa."

"Ndiyo maana nimeomba kusomewa. Ingekuwa rahisi ningejisomea."

Mwenyekiti aliweka kikombe chini. Sauti yake ikawa ya baba.

"Sikiliza, binti. Ninyi mnaona mawe. Sisi tunaona uchumi. Mwekezaji analeta ajira."

"Za watu wangapi?"

"Vijana wanne wa kuosha. Na mlinzi."

"Kwenye mawe tuko thelathini na mmoja."

"Huo sasa si uchumi."

"Uchumi siujui, Mwenyekiti. Kutoa nakujua. Thelathini na mmoja, toa watano."

Karani akainamisha uso kwenye kitabu chake. Mwenyekiti alimtazama Kitinda kwa mara ya kwanza tangu aingie. Kabla ya hapo alikuwa akitazama mikono yake mitupu, mahali nguo zake zingekuwa.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Kuna mtu amekujaza maneno. Wapinzani?"

"Ni maneno ya kitabu cha shule. Kile kile ulichokuja kutugawia, ukapigwa picha nacho."

Mwenyekiti alimwashiria Karani. Kamba ya kiatu ikafunguliwa, faili likatoka. Mwenyekiti alilifungua mwenyewe, akaligeuza, akalisogeza mbele ya Kitinda, kiganja kikiwa kimelala bapa sehemu ya juu ya karatasi.

"Hii si saini yako?"

Ilikuwa yake. Herufi za duara, safi kuliko zote kwenye ukurasa. Chini yake kidole cha Bibi Buluu, cheusi, kimeburuzwa kidogo pembeni.

"Ni yangu."

"Basi tumemalizana. Mwenye akili timamu hatii saini kisha akaja kulia."

Kitinda alifungua pindo la kanga, akatoa miche miwili ya sabuni, mipya, ya aina ile ile. Akaiweka juu ya meza, kando ya kikombe.

"Sikuja kulia. Sabuni yako hiyo. Nirudishie jina langu."

"Toa uchafu huu mezani kwangu."

"Sabuni si uchafu, Mwenyekiti. Ingekuwa uchafu usingeigawa."

Mlangoni palikuwa na kivuli. Bibi Buluu aliingia bila kubisha hodi, akipumua kwa shida, mkononi kitambaa kilichofungwa. Alikifungua mbele ya meza. Nusu ya mche, umepasuka kwa kukauka.

"Mmoja na nusu nilishaufulia," alisema. "Nadaiwa huo. Lakini kidole changu nakitaka leo."

Nyuma yake, kibarazani, walikuwa wamesimama wengine na mabeseni yao, ngozi ya mikono imekunjamana kwa maji. Mama Redio alikuwa katikati yao. Alikuwa anatazama tu, apate kulisimulia jambo lilivyo.

"Funga mlango," Mwenyekiti alimwambia Karani.

Karani alinyanyuka. Kizingitini palikuwa na beseni, limejaa shuka za watu, zito. Alilitazama, akakaa tena.

Mwenyekiti hakutazama mlango. Alikuwa anatazama saini, kana kwamba yenyewe ingemsaidia. Mkono wake ulikuwa umekandamiza karatasi mpaka kucha zimebadilika rangi. Pindo la mkono wa shati lilikuwa jeupe pepe. Kitinda alikumbuka alivyolisugua lile pindo, jioni nzima, kwa sababu lilikuwa na doa la wino ambalo halikutaka kutoka.

"Naomba uondoe mkono, Mwenyekiti," alisema, "usome kuanzia juu."

Chai ilikuwa imeanza kufanya utando. Mkono ulibaki pale pale.