Tatu Moja ya Jumatano

Unywele mmoja wa brashi ulikuwa umenasa kwenye rangi, katikati ya mguu wa namba moja, umelala mshazari, mweusi, mfupi kama kope. Nilikuwa juu ya ngazi, kikwaruzo mkononi, nimetumwa kuifuta namba ile. Badala ya kuanza kazi nikabaki nimeukodolea macho. Niliujua. Ulikuwa wa brashi yangu.

Mimi ni mchora namba. Kwa miaka kumi na tisa nimeandika namba za utambulisho kwenye mikia ya ndege za jeshi, ingawa mwenyewe si mwanajeshi. Namba ndiyo ndege. Kwa namba hiyo rubani hujitaja redioni, na kwa namba hiyo fundi hufungua daftari la ndege na kusoma maradhi yake yote. Ndani, nyuma ya kiti, kuna kibati cha kiwandani, lakini aliyeitwa haraka hapigi magoti kusoma kibati. Anatazama mkia.

Mdogo wangu alikuwa fundi wa ndege kwenye kambi hiyohiyo. Alikuwa hapiti chini ya ngazi yangu bila kunichokoza.

"Dada, saba yako ina kiuno. Siku moja itakatika huko juu, watu waache kazi waitazame."

"Kaza nati zako, niachie saba zangu."

"Mimi nikiona kiuno hicho, sina haja ya kuuliza ndege ni ipi."

Tulimzika wiki tatu zilizopita, yeye na rubani wake. Ndege namba 27 iliangukia ziwani Jumamosi asubuhi. Kwenye vipande vilivyoopolewa kibati hakikuwamo, lakini wachunguzi walikuta bawaba ya mkia ina ufa wa siku nyingi. Wakafungua daftari la 27: hakuna ufa ulioandikwa, na chini ya neno "nzima" kuna sahihi ya mdogo wangu. Ikaanza kusemwa kwamba alitia sahihi bila kukagua.

Lakini ndege yenye ufa kwenye bawaba niliijua. Ilikuwa 31.

Jumatano ya wiki ile, mkuu wa karakana alinifuata na tabasamu ambalo kwa kawaida huliweka kwa ajili ya wageni. Alikuwa amewaandikia wakubwa kwamba 31 imeshapona. Haikuwa imepona, ilikuwa inasubiri bawaba mpya, na sasa wakubwa walikuwa wanakuja kuiona ikiruka.

"Badilisha mikia, Dada," aliniambia. "Ile nzima ya 27 iandike 31, na ile mbovu iandike 27. Ni ya siku moja tu. Wakiondoka, unarudisha."

"Kuna karatasi ya amri?"

"Karatasi ya nini? Mimi si nipo hapa?"

Nikabadilisha. Nilikuwa mbiombio, brashi ikadondosha unywele kwenye namba moja, nikauacha. Wakubwa walikuja, wakaona 31 ikiruka vizuri, wakapiga picha, wakaenda zao.

Alhamisi, kabla sijafungua kopo la rangi, nikapigiwa simu kwamba Mama ameteleza bafuni na kuvunjika nyonga. Mkuu alinihurumia upesi mno. "Nenda kwa mzazi wako. Nitamweka mtu azirudishe." Nikaondoka na aproni yangu mwilini.

Ijumaa mchana mdogo wangu alirejea kutoka kwenye mafunzo ya miezi mitatu, akaja moja kwa moja hospitali, begi likiwa begani. Alimchekesha Mama mpaka nesi akaja kutunyamazisha. Kisha akanigeukia mimi.

"Kazini kwema?"

"Kawaida tu," nikasema.

Maneno mawili. Kesho yake asubuhi akaitwa ghafla, akatazama mkia, akafungua daftari la 27, akatia sahihi, akapanda na rubani.

Siku ya mazishi mkuu alibeba viti kwa mikono yake. Alinipa pole akiushika mkono wangu kwa mikono miwili, na sikuupenda ulaini wa mikono ile. Nilimfuata hadi kwenye gari lake.

"Namba zilirudishwa?"

"Alhamisi ileile, jioni."

"Na nani?"

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. "Dada, leo ni siku ya kuuliza hayo?"

Tangu hapo sikumwamini mtu. Nikiingia kantini vijiko vilisikika kuliko watu. Nilimwendea mama anayeongoza ndege mnarani, tuliyekuwa tukigawana naye chai kwa miaka, nikamuuliza alisikia nini Jumamosi ile.

"Rubani alijiita Mbili Saba mpaka mwisho," alijibu, macho kwenye kikombe. Kisha akayainua. "Kwa nini unauliza?"

Nikaona kwamba naye ananipima. Nikasema nauliza tu, nikaondoka na chai yangu ikiwa moto.

Ndege iliyobaki kati ya zile mbili ilifungiwa kwenye banda, imefunikwa turubai, na askari mlangoni. Kama namba zilirudishwa, humo ndani ilikuwa ile mbovu, na mdogo wangu alikosea kweli. Kama hazikurudishwa, ilikuwa nzima, na ile mbovu iliruka naye kwa jina la kuazima. Kila nilipopita nililitazama lile turubai. Nitakuwa mkweli: kuna siku niliomba libaki palepale.

Wifi yangu ndiye aliyenifungia njia. Alinikuta nikiosha vyombo nyumbani kwa Mama, akasimama mlangoni.

"Mtoto amerudi shule analia. Ameambiwa baba yake aliua rubani."

Niliendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata.

"Wifi, wewe uko huko ndani. Mume wangu alikuwa mzembe?"

"Hakuwa."

"Basi kaseme."

"Nikaseme nini?"

"Hicho unachokitafuna kila nikikutazama."

Hilo lilikuwa juzi. Leo asubuhi mkuu aliniletea ufunguo wa banda mwenyewe. Wachunguzi wangefika saa nne kufunga faili. Nikwaruze mkia wa ndege iliyobaki mpaka bati lenyewe, niandike 40.

"Tumeamua 27 na 31 zisitumike tena," alisema, sauti imeshuka. "Ni heshima kwa ndugu yako."

Nikavuta turubai, nikapanda ngazi, nikauona unywele.

Kama mtu yeyote angezirudisha namba, tatu moja hii ya Jumatano isingekuwepo. Ingefutwa, na ndege hii ingekuwa chini ya maji. Ilikuwepo. Hakuna aliyegusa kitu.

Nilijaribu kumchukia mkuu peke yake, ikanishinda. Kila nilipomfikisha mahali pa kumhukumu, nilikuta nimesimama pembeni yake na kopo la rangi. Na nilielewa, pole pole, kwamba heshima aliyoisema ilikuwa pia zawadi kwangu. Nikikwaruza mpaka bati, hakuna atakayeuliza nani alibadilisha mikia. Kazi itabaki, mshahara utabaki, na wifi atachoka kunitazama. Mdogo wangu tu ndiye atakayebaki na sahihi yake.

Ilikuwa saa tatu kasoro. Nilirudisha kikwaruzo mfukoni, nikalowesha kitambaa kwa dawa ya kulainishia rangi, nikaanza kufuta taratibu, kama mtu anayemnawisha mgonjwa uso. Tatu ilivimba, ikayeyuka. Kipande chenye unywele sikukigusa, nilikizungushia utepe kikabaki. Ikatoka rangi ya kijivu niliyokuwa nimeifunikia namba ya zamani. Chini yake ikaanza kuonekana mbili, shingo kwanza. Halafu saba, na kiuno chake.

Nikashuka, nikakaa juu ya kopo. Ndege ambayo faili lilisema iko ziwani ilikuwa imesimama mbele yangu, kavu, na namba yake mkiani.

Nilisikia gari likizima nje, milango, mkuu akicheka kwa adabu. Halafu kicheko kikakatika. Nyayo za mtu mmoja zilikuja mpaka nyuma yangu, zikasimama. Alikuwa mmoja wa wachunguzi.

"Nani aliandika namba hii?" aliuliza.

"Ipi?" Mkuu alikuwa ameshafika, anahema. "Afande, huyu mama ana msiba, hayuko..."

"Nimemuuliza yeye."

Mikono yangu ilikuwa ya kijivu mpaka viwikoni. Niliifuta kwenye aproni, ileile niliyoondoka nayo Alhamisi.

"Ni mimi," nikasema. "Zote mbili."