Mji Usiokuwa na Askari

Kofi la pili lilimkuta Mwalimu Delphin bado anatafuta jibu la swali la kwanza. Alikuwa amepigishwa magoti juu ya changarawe, nyuma ya kituo cha askari, jua la Bunia likimchoma utosini.

"Muji gani ile haina basoda, haina askari hata moja?" Kapiteni Floribert aliuliza tena.

"Ni hadithi tu, mon capitaine. Ile muji haiko."

"Haiko, na weye unaifundisha banafunzi?"

Delphin alikimbia vita kutoka upande wa Djugu. Waliomchomea nyumba hakuwajua kwa sura; alichojua ni kwamba jeshi lilikuwa ng'ambo ya kijito, na halikuvuka. Sasa alifundisha katika kambi ya waliohama, chini ya turubai lililotoboka. Vitabu havikuwapo. Basi akawabunia wanafunzi Sarumeti, mji wa kale ambao watu wake walishinda maradhi, walivuta umeme kutoka kwenye ukungu, na hawakujua njaa wala bunduki.

Darasa liligombana. Elysée alisema watu wale walikuwa wema kutupita siye. Tina, msichana wa miaka kumi na tisa ambaye vita vilimkatizia shule na kumwachia kovu la panga shingoni, alikataa katakata.

"Bale batu bote banashiba, mwalimu. Na majirani yabo, balikuwa banakula nini?"

Delphin alilifurahia swali hilo. Akawatuma wakaulize nyumbani. Mzazi mmoja akapeleka maneno kituoni.

"Kule Sarumeti, nani alikuwa anachunga batu?" kapiteni aliuliza sasa, amesimama mbele yake pale kwenye changarawe.

"Batu benyewe."

Askari wawili wakaulaza mkono wake wa kulia juu ya jiwe. Kitako cha bunduki kikashuka. Delphin alisikia vidole vikivunjika kabla hajaisikia sauti yake mwenyewe. Kikashuka tena.

"Sasa sema. Balikuwa batu bazuri?"

"Hapana."

"Juu ya nini? Sababu gani?"

"Juu... balikuwa bila basoda."

"Ndjo vile. Kesho utaambia banafunzi."

Asubuhi alisimama mbele ya darasa, mkono umefungwa kitenge, kapiteni amekalia kiti chake. Akasema watu wa Sarumeti walikuwa waovu, wakachinjana hadi askari walipokuja kuwaokoa. Wanafunzi waliandika. Hakuna aliyeinua kichwa ila Tina.

"Kwetu basoda balikuwako, mwalimu," alisema. "Siku ile balikuwako. Balikuwa banaangalia."

Kapiteni hakuinuka. Alinyoosha kidole tu. Askari wakamkamata Tina nywele, wakamburuta nje. Likasikika kofi, halafu kitu kizito kuliko kofi, halafu sauti yake ikiita, "Mwalimu! Mwalimu!"

Delphin akapiga hatua kuelekea mlangoni. Kapiteni akautazama mkono wake wa kushoto, ule mzima.

"Endelea, mwalimu."

Akasimama. Kisha akaokota chaki kwa mkono ule, akaugeukia ubao na kuandika, herufi zikipinda kama za mtoto: *Askari ndio waliouokoa mji.* Nyuma yake turubai lilitikisika kwa kila pigo. Tina alikuwa ameacha kuita.

Wanafunzi wakanakili. Elysée akainua mkono, macho yake yameganda kwenye daftari.

"Mwalimu, tupige mustari chini yake?"

"Ndiyo," Delphin alisema. "Mupige."